Mbwa Mzee Anayekojoa Usiku: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumlaumu

Mbwa wa aina hii yuko katika maboma mengi. Ana miaka 10 au 11. Tangu akiwa mdogo amelala karibu na mlango wa jikoni, amebweka kila mgeni anapokaribia, na amefukuza wanyama wanaowinda kuku. Hajawahi kuchafua mahali pake pa kulala. Kisha asubuhi moja gunia lake linakutwa limelowa. Wiki inayofuata linalowa tena, na harufu inaanza kuingia nyumbani. Watoto wanaziba pua. Mmoja anasema mbwa amekuwa mvivu, mwingine anasema anafanya makusudi, na mwenye boma anaanza kuuliza ni nani atakayemchukua akamwache mbali.

Somo hili linaeleza kwa nini uamuzi huo ni wa haraka mno. Mbwa mzee anayelowesha usiku mara nyingi ni mgonjwa, au ana maumivu, au mwili wake umechoka. Hali nyingi kati ya hizo hutibika au hupunguzwa, na baadhi ya njia za kumsaidia hazigharimu chochote. Mkazi akimaliza kusoma ataweza kutambua aina nne za kulowesha, kupima maji anayokunywa mbwa wake, kujua dalili zisizongoja asubuhi, na kupanga usiku ili mbwa na watu wa nyumbani wapate kulala.

MKOJO UNAVYOTENGENEZWA NA KUZUIWA

Figo huchuja damu na kutoa uchafu pamoja na maji. Mchanganyiko huo ni mkojo. Mkojo hushuka hadi kwenye kibofu na kukaa humo. Kwenye mlango wa kibofu kuna msuli unaojikaza na kuufunga. Kibofu kikijaa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, mbwa anaamka, anasimama, anatoka nje, kisha msuli unalegea na mkojo unatoka.

Kila hatua katika safari hiyo inaweza kuharibika kwa uzee. Figo zikichoka hushindwa kubakiza maji mwilini, hivyo mkojo unakuwa mwingi na mwepesi. Msuli wa mlango wa kibofu unaweza kulegea. Mishipa ya fahamu ya mgongo inaweza kubanwa. Ubongo unaweza kusahau. Miguu nayo inaweza kukataa kumwinua mbwa kwa wakati. Mwenye mbwa huona jambo moja tu, yaani gunia lililolowa, lakini chanzo chaweza kuwa popote katika safari hiyo.

Mbwa wakubwa wa mwili huzeeka mapema, wengi wakianza kuonyesha dalili za uzee wakiwa na miaka 7 au 8. Mbwa wadogo wa mwili huweza kufika miaka 10 au zaidi kabla ya kuonyesha dalili hizo.

AINA NNE ZA KULOWESHA

Kabla ya kufanya lolote, mwenye mbwa aangalie jinsi mkojo unavyotoka. Aina nne zifuatazo zinatofautiana, na kila moja inaelekeza mahali pake.

Aina ya kwanza: mbwa anavuja akiwa amelala. Gunia linalowa pale tu alipolaza sehemu ya nyuma ya mwili. Mbwa mwenyewe hajui. Akiamka anashangaa, ananusa na kujilamba. Mchana anakojoa kama kawaida. Hali hii huonekana zaidi kwa majike waliofungwa kizazi, hasa wenye miili mikubwa. Msuli wa mlango wa kibofu umelegea, na mbwa akilala usingizi mzito mkojo unapita. Zipo dawa za kukaza msuli huo, na majike wengi hupata nafuu kubwa wakitumia kwa mpango wa daktari wa mifugo.

Jambo hili lisiwafanye wakazi waogope kufunga kizazi cha mbwa. Jike asiyefungwa kizazi yuko katika hatari ya kupata usaha kwenye mji wa mimba anapozeeka, na ugonjwa huo huua. Kuvuja mkojo ni usumbufu unaotibika.

Aina ya pili: mkojo ni mwingi na kiu ni kubwa. Hapa hakuna doa dogo, kuna dimbwi. Mkojo ni mweupe kama maji. Bakuli la maji linakauka haraka, na mbwa huonekana akinywa hata kwenye ndoo ya kufulia au mtaro. Mbwa huyu hajashindwa kujizuia. Kibofu kinajaa haraka kuliko urefu wa usiku. Miongoni mwa vyanzo ni ugonjwa wa figo, ambao huja na kukonda, kutapika na harufu mbaya ya kinywa. Kisukari nacho humfanya mbwa ale vizuri lakini akonde. Yupo pia mbwa ambaye tezi zilizo juu ya figo zake hutoa homoni kupita kiasi. Huyu hula sana, huhema, tumbo hushuka na manyoya hupungua. Dawa kama steroidi na zile za kupunguza maji mwilini huongeza mkojo pia. Kwa hiyo mwenye mbwa akumbuke dawa zote alizompa karibuni.

Aina ya tatu: mkojo unatoka kidogo kidogo, mara nyingi. Mbwa anachuchumaa au anainua mguu, anajikaza, yanatoka matone machache, anasogea hatua tatu na kujaribu tena. Mkojo unaweza kuwa na damu au harufu kali kuliko kawaida. Usiku hulowesha sehemu nyingi badala ya moja. Hizi ni dalili za maambukizi ya njia ya mkojo au mawe kwenye kibofu. Kwa dume ambaye hajahasiwa, tezi dume iliyovimba inaweza kuleta matone ya damu na pia kumfanya ajikaze anapokwenda haja kubwa.

Aina ya nne: mbwa anajua, lakini hafiki nje. Kibofu na figo ni nzima. Mbwa huyu ana maumivu ya viungo, hasa kwenye nyonga, magoti na mgongo. Akitaka kuamka anajaribu mara mbili tatu. Ngazi ya mlango ambayo aliiruka akiwa kijana sasa ni mlima, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa inateleza. Anapofika katikati ya chumba muda umekwisha. Wengine katika kundi hili hawana maumivu ila wamepoteza kumbukumbu. Hulala mchana kutwa, usiku wanazunguka, wanasimama wakitazama ukuta, na kusahau mlango uko wapi. Wapo pia waliofungiwa bandani au kwa mnyororo usiku kucha. Hao hawana namna yoyote ya kutoka, hata wangetaka.

Mbwa mmoja anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja. Mbwa mwenye kiu kubwa na viungo vinavyouma, kwa mfano, anahitaji kutoka mara nyingi lakini kila kutoka kunamuumiza.

HALI ZISIZONGOJA ASUBUHI

Kulowesha kwenyewe si dharura. Dalili zifuatazo ni dharura, na mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa:

1. Mbwa anajikaza lakini hakuna mkojo unaotoka kabisa. Njia inaweza kuwa imezibwa na jiwe. Hali hii huua, na madume hupatwa nayo zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni nyembamba.

2. Jike ambaye hajafungwa kizazi, aliyekuwa kwenye joto wiki chache zilizopita, sasa anakunywa maji sana, amenyongea, hali chakula, au anatokwa na usaha sehemu ya nyuma. Wakati mwingine usaha hubaki ndani na hauonekani.

3. Mkojo una rangi ya kahawa au nyekundu iliyokolea, na mbwa ana homa na ufizi uliopauka au wa manjano. Homa inayoletwa na kupe huharibu chembe za damu na kubadilisha rangi ya mkojo kwa njia hii.

4. Miguu ya nyuma imelegea ghafla au mbwa anaiburuta.

5. Mbwa anatapika mfululizo, hanywi maji na hawezi kusimama.

Dalili moja zaidi inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akawa mkali bila sababu, akatokwa na mate mengi na kushindwa kumeza, asiguswe. Hiyo yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Watu na mifugo wakae mbali, na ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

KAZI YA SIKU TATU

Mwenye mbwa ambaye hana dalili za dharura afanye kazi ndogo ya siku tatu kabla ya kumwona daktari wa mifugo. Kazi hii hupunguza kubahatisha, na huweza kuokoa gharama ya vipimo visivyohitajika. Anachohitaji ni daftari, jagi lenye alama za lita, na mizani.

Hatua ya kwanza ni kujua uzito wa mbwa. Mtu asimame kwenye mizani akiwa peke yake, kisha asimame tena akiwa amembeba mbwa. Akiwa na kilo 68 peke yake na kilo 88 akiwa na mbwa, basi mbwa ana kilo 20. Kama hana mizani nyumbani, mizani ya kinu cha kusaga unga au ya kituo cha kukusanyia mazao hutosha.

Hatua ya pili ni kupima maji. Asubuhi, amwage maji yaliyobaki bakulini, kisha aweke lita 3 zilizopimwa. Kesho yake, saa ileile, apime yaliyobaki. Tofauti ndiyo aliyokunywa mbwa. Kuku, mbuzi na mbwa wengine wasifikie bakuli hilo, na ndoo nyingine zifunikwe, la sivyo hesabu itakuwa ya uongo.

Hatua ya tatu ni kulinganisha. Kwa kawaida mbwa hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 20 basi hunywa kama lita 1 hadi lita 1.2. Anayelishwa chakula chenye mchuzi mwingi hunywa kidogo kuliko hapo, na wakati wa jua kali hunywa zaidi. Mbwa akizidi mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 2 kwa mbwa wa kilo 20, kiu hiyo si ya kawaida na lazima ichunguzwe. Mwenye mbwa akumbuke pia kuwa mabaki ya chakula yenye chumvi nyingi huongeza kiu. Ayaondoe kwanza, kisha apime tena.

Hatua ya nne ni kuandika usiku ulivyokwenda. Mbwa alilowesha akiwa amelala au akiwa amesimama? Ni doa, dimbwi, au matone sehemu nyingi? Rangi gani? Ilikuwa saa ngapi? Alishindwa kuamka? Mistari mitatu kwa kila usiku inatosha.

Hatua ya tano ni kuchukua mkojo wa asubuhi ya siku ya kwenda kwa daktari. Chombo kiwe safi na kikavu, kisiwe na mabaki ya sabuni. Sahani isiyo na kina au upawa uliofungwa kwenye fimbo husaidia kuukinga mkojo bila kumshtua mbwa. Ufike kliniki asubuhi hiyohiyo, ukiwa umehifadhiwa mahali pa baridi.

Faida ya kazi hii huonekana katika mifano miwili. Tuseme mbwa wa kilo 20 anakunywa lita 3 kwa siku na analowesha dimbwi. Daftari linamwelekeza daktari kupima figo na sukari moja kwa moja. Tuseme mwingine wa kilo zilezile anakunywa lita 1, mkojo wake ni wa kawaida, ila kila usiku hulowesha hatua mbili kutoka mlangoni. Huyo daftari linaelekeza kwenye viungo na kwenye ngazi ya mlango. Harufu jikoni ni moja, lakini matibabu ni tofauti kabisa.

KWA DAKTARI WA MIFUGO

Mkazi ahakikishe anayemtibu mbwa wake amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mtu aliyesajiliwa ana cheti na haoni vibaya kuulizwa. Ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo huweza kumwelekeza mkazi kwa mtaalamu aliye karibu.

Daktari atasoma daftari, atampapasa mbwa tumboni na mgongoni, atamtazama akitembea, na atapima mkojo. Kipimo cha mkojo ni cha kwanza kwa sababu huonyesha mengi kwa mara moja, yaani kama una sukari, damu, protini au dalili za vijidudu, na kama ni mwepesi kupita kiasi. Kulingana na majibu, anaweza kuomba kipimo cha damu au picha ya tumbo.

Matibabu hufuata chanzo. Maambukizi hutibiwa kwa antibayotiki, na dozi imalizwe hata kama mbwa amepata nafuu siku ya tatu. Dozi ikikatizwa, vijidudu vilivyobaki huweza kurudi vikiwa sugu. Kisukari huhitaji insulini, kwa kawaida mara mbili kwa siku, na saa za chakula zisizobadilika. Ugonjwa wa figo wa uzee hauponi, lakini chakula kinachofaa na maji ya kutosha huweza kumpa mbwa muda mzuri zaidi wa kuishi. Mawe makubwa huweza kuhitaji upasuaji. Tezi dume iliyovimba kwa sababu ya uzee hupungua dume akihasiwa. Maumivu ya viungo hupunguzwa kwa dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, pamoja na kupunguza uzito kwa mbwa aliyenenepa.

Ni haki ya mwenye mbwa kuuliza gharama mapema na kusema uwezo wake. Daktari akijua uwezo huo ataanza na hatua yenye faida kubwa zaidi.

KUPANGA USIKU

Matibabu yakiendelea, mpangilio wa usiku ndio unaoleta nafuu ya haraka kwa nyumba nzima.

Chakula cha jioni kiletwe mapema, kama saa kumi na mbili, badala ya kungoja mabaki ya saa tatu usiku. Mbwa hunywa maji zaidi baada ya kula, na akila mapema huwa na nafasi ya kukojoa kabla ya watu kulala.

Atolewe nje mara ya mwisho watu wanapoingia kulala. Kumfungulia mlango hakutoshi. Mtu atoke naye, atembee naye polepole, na amngoje hadi akojoe. Mbwa mzee aliyetolewa peke yake kwenye baridi mara nyingi husimama mlangoni na kurudi ndani bila kufanya lolote. Asubuhi na mapema atolewe kabla ya kazi nyingine yoyote. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari huenda akahitaji kutolewa mara moja katikati ya usiku. Watu wazima wa nyumbani wapeane zamu.

Mahali pa kulala pawe karibu na mlango wa kutokea. Ngazi iwekewe ubao mpana wenye vipande vya gunia vilivyopigiliwa misumari ili asiteleze. Sakafu laini itandikwe mikeka au magunia makavu kuanzia anapolala hadi mlangoni. Mbwa asiyeona vizuri husaidiwa na taa ndogo.

Tandiko liwe la tabaka. Chini kabisa pawekwe karatasi ya nailoni au kipande cha turubai. Juu yake liwekwe gunia, blanketi kuukuu au sponji iliyofungwa kwa nailoni. Juu kabisa kiwekwe kitambaa kinachofuliwa kwa urahisi. Vitambaa viwe viwili au vitatu ili kimoja kikifuliwa kingine kitumike. Kwa mbwa wa bandani, sakafu iinuliwe kwa mbao kutoka ardhini na iwe na mwinamo kidogo ili mkojo usituame. Kati ya Juni na Agosti, mbwa mzee aliyelala kwenye tandiko lililolowa katika sehemu za baridi huumia viungo zaidi, na asubuhi inayofuata anashindwa kuamka kabisa.

Ngozi ioshwe. Mkojo unaokaa kwenye manyoya huunguza ngozi, huleta vidonda, na vidonda huvuta nzi wanaotaga mayai na kuleta funza. Kila asubuhi sehemu za nyuma za mbwa aliyelowa zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, zisuuzwe na kukaushwa. Manyoya marefu ya sehemu hizo yakatwe. Wekundu au kidonda kionyeshwe kwa daktari mapema.

Sakafu isafishwe kwa utaratibu. Mkojo ukaushwe kwanza kwa kitambaa, kisha paoshwe kwa maji ya sabuni na kusuuzwa. Maji yaliyochanganywa na siki husaidia kuondoa harufu inayomfanya mbwa arudie mahali palepale. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isimwagwe juu ya mkojo mbichi, kwa maana vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na mapafu. Itumike tu baada ya pahali kuoshwa na kusuuzwa vizuri.

Anayesafisha avae glavu za mpira na anawe mikono kwa sabuni. Ugonjwa wa leptospirosisi, ambao mbwa huweza kuupata kwa panya na maji machafu, huenea kwa watu kupitia mkojo. Watoto wadogo na mama wajawazito wasifanye kazi hiyo.

MAKOSA YANAYOUMIZA MBWA

Kumnyima maji. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, na hufanywa kwa nia njema. Mbwa mwenye ugonjwa wa figo au kisukari anakunywa kwa sababu mwili wake unapoteza maji. Bakuli likiondolewa jioni, mkojo hautakoma. Mwili utakauka na anaweza kufa. Maji safi yawepo usiku na mchana.

Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo. Mbwa aliyevuja usingizini hajui alichofanya. Anachojifunza ni kumwogopa mtu na kujificha anapolowa, na hapo dalili zinakuwa ngumu kuonekana.

Kumpa dawa za watu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Mbwa ambaye figo zake tayari zimechoka huweza kufa kwa vidonge vichache. Vilevile, kununua sindano ya antibayotiki kwenye agroveti bila kupima ni kutibu ugonjwa usiojulikana.

Kumfungia nje ghafla. Mbwa aliyezoea kulala jikoni miaka yote, akitupwa nje usiku wa baridi kwa sababu ya harufu, hupata mateso mengine juu ya yale aliyo nayo. Kama lazima ahame, atayarishiwe banda kavu lisilopigwa na upepo na azoeshwe kidogo kidogo.

MBWA ALIYETUPWA NI TATIZO LA KIJIJI KIZIMA

Mbwa mzee anayeachwa sokoni, dampo au kando ya barabara hafi siku hiyo. Huzurura akitafuta chakula, hugombana na mbwa wengine, hukosa chanjo, na huweza kupata kichaa cha mbwa na kuwaambukiza watu. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, na lengo hilo hutegemea mbwa waliochanjwa na wenye wenyewe. Kwa sababu hiyo mbwa mzee achanjwe kila mwaka kama wengine. Mgonjwa asikoseshwe chanjo bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inafanya ukatili kwa mnyama kuwa kosa. Mkazi aliyeshindwa kumtunza mbwa wake aende ofisi ya mifugo aombe ushauri kabla ya kuchukua hatua nyingine.

MATIBABU YASIPOTOSHA

Ipo siku ambayo dawa, ubao wa ngazi na zamu za usiku havitatosha. Dalili zake ni kwamba mbwa hali, hawezi kuinuka hata akisaidiwa, analia kwa maumivu, au siku mbaya zimekuwa nyingi kuliko nzuri. Daftari lililoanzishwa kwa ajili ya mkojo husaidia hapa pia. Mwenye mbwa aweke alama kila jioni kama siku ilikuwa njema au mbaya, na baada ya wiki mbili ukurasa utamwonyesha hali ilivyo.

Daktari wa mifugo anaweza kumpumzisha mbwa kwa sindano bila maumivu. Kumpa sumu, kumpiga au kumwacha porini ni mateso, na sumu huweza kuua watoto, mifugo na ndege. Mwili uzikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima na mto. Watoto waelezwe ukweli kwa upole.

Wengi hawatafika hapo kwa sababu ya mkojo pekee. Mbwa aliyepatiwa chanzo mapema huweza kuishi bado kwa muda mrefu akiwa na faida na heshima, akilala mahali pakavu na kubweka mgeni anapokaribia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mbwa wa kilo 15 amekunywa lita 2 kwa siku moja. Je, hiyo ni kawaida?
Jibu: La. Mililita 100 kwa kila kilo ni lita 1.5. Amezidi, na achunguzwe.

2. Jike aliyefungwa kizazi analowesha gunia akiwa amelala, lakini mchana hana shida. Ni aina gani ya kulowesha?
Jibu: Aina ya kwanza. Huenda msuli wa mlango wa kibofu umelegea, na dawa zipo.

3. Dume amejikaza tangu jioni na hakuna tone lililotoka. Angoje hadi kesho?
Jibu: La. Hiyo ni dharura.

4. Bakuli la maji liondolewe saa ngapi jioni?
Jibu: Lisiondolewe kamwe. Kinachobadilishwa ni saa ya chakula na saa ya kumtoa nje.

5. Mwenye mbwa afanye nini kwanza gunia likilowa mara ya pili?
Jibu: Achukue daftari, apime maji, aangalie mkojo unavyotoka, kisha amwone daktari wa mifugo.